Wageni wa Shimo la Tatu

Jumamosi, 6 Julai. Jinja

Wageni kumi na wanne, wafanyakazi wa duka la simu mjini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kushika bunduki ya rangi. Nikawasomea yale yale. Mikono mirefu, suruali ndefu, viatu vya kufunga. Maski haivuliwi uwanjani, hata ikijaa ukungu, hata joto likikuzidi. Kidonge cha rangi kikikupata kinauma kama kofi la mwalimu, halafu kinawasha, na kesho utakuta alama. Ukipigwa inua mkono, sema "nimepigwa", toka. Aliyeinua mkono hapigwi tena.

Hawasikii. Dakika mbili tu, vidonge vyote vimeishia kwenye miti.

Mwisho huwa nawapa siri. Nyuma ya ukuta wa kinu cha zamani cha pamba kuna mashimo sita, ya kina kifupi, kila moja urefu wa mtu. Mgeni akilala humo haonekani. Siri hiyo niliigundua mwenyewe mwezi wangu wa kwanza wa urefa, na najivunia.

Goti linauma. Waiswa, mkata nyasi wetu, amefyeka uwanja wote ila pale kwenye mashimo. Mara ya tatu hii. Mzee mvivu.

Jumapili, 7 Julai. Jinja

Jambo la kipuuzi. Naliandika nije kulicheka.

Leo kwaya ya kanisa kutoka Buwenge. Msichana mmoja alitoka kwenye shimo la tatu akaniomba maji. Kawaida, maski inakausha koo. Hakunywa. Alinawa mikono, akasukutua, akaosha uso. Yaliyobaki hakuyamwaga hapo aliposimama. Alitembea hadi ukutani, akayamwaga polepole kwenye shina la mpera, akanirudishia kikombe.

Nilidhani anatoa rangi. Hakuwa na rangi. Hakupigwa hata mara moja.

Ndipo nikakumbuka. Jana kijana mwenye miwani alifanya hivyohivyo. Mwezi uliopita yule mama mnene wa benki. Wote shimo la tatu. Nilikuwa natazama, sioni.

Jumatano, 10 Julai. Mbale

Siku yangu ya mapumziko. Malukhu, kwa Mama.

Amekonda. Daktari amesema moyo umechoka. Yeye anasema daktari ndiye aliyechoka. Alfajiri akaamka kama kawaida kujaza birika la Baba, la kutawadhia, linalokaa mlangoni. Maji ya jana akayamwaga kwenye shina la mlimau. Hili ni birika la nne au la tano, mengine yalitoboka. Haligusi mtu. Nilipokuwa mdogo nililigusa nikachapwa.

Baba alikuwa dereva wa lori la pamba. Miaka ile ya utawala wa askari alitoka asubuhi kwenda Jinja. Nilikuwa na miaka minne. Hakurudi, wala lori halikurudi.

Kwa hiyo Mama hakukaa eda. Khitma haijasomwa, maana aliye hai hasomewi. Wajomba walimbembeleza, masheikh walimbembeleza. Jibu lake moja: nani aliyemwona? Aje aniambie mimi.

Leo alisema jambo ambalo hajawahi kulisema. "Sitaki kufa hivi, Zaina. Si mke, si mjane."

Nikaosha vyombo.

Jumamosi, 13 Julai. Jinja

Naogopa. Niandike upesi kabla sijajidanganya.

Madereva wanane wa malori, Wakenya, wanasubiri karatasi zao za mzigo wakaamua kucheza. Watu wa kucheka. Mmoja, Mutua, mkubwa kama mlango, msalaba shingoni. Alipigwa begani raundi ya kwanza akapiga mayowe hadi wenzake wakakaa chini kwa kicheko. Raundi ya pili nikamwambia akalale shimo la tatu. Nilifanya makusudi. Nilitaka kuona.

Alitoka baada ya dakika kumi. Kimya. Akaomba maji.

Mikono mara tatu. Mdomo. Pua. Uso. Mikono hadi viwiko, wa kulia kwanza. Akapaka maji kichwani, akagusa masikio. Kisha akaketi, akavua buti, akaosha miguu. Kwa mpangilio wetu, bila kukosea. Mimi mwenyewe nikiwa na haraka hukosea.

Nikamuuliza nani amemfundisha.

"Kunifundisha nini, dada? Nimesikia tu niwe safi."

Akaenda akamwagia mpera. Aliporudi akatazama kule alikotoka. "Na yule mwenzangu, ameshapewa maji?"

Alikuwa peke yake. Nilimwona akiingia peke yake.

Nikapuliza filimbi, nikafunga mchezo. Nimemdanganya Bosi kwamba mashine ya kujaza hewa imeharibika.

Jumatatu, 15 Julai. Jinja

Nilimfuata Waiswa akinoa fyekeo. Sikumsalimia vizuri. Nikamuuliza moja kwa moja: kwa nini hukati nyasi nyuma ya ukuta?

Akaweka fyekeo chini.

"Madamu, mimi si mvivu. Pale siwezi kata. Pale ni mimi nirichimba."

Hapo kinuni palikuwa kambi ya askari. Yeye alikuwa na miaka kumi na tisa, walimkamata barabarani na baiskeli yake. Kiswahili alichonacho alikipata siku hizo: chimba, haraka, nyamaza. Alichimba sita. Udongo umeshuka tangu hapo, ndiyo mashimo yangu ya kuficha wageni.

Nikamuuliza kuhusu la tatu.

"Ile ni ya dereva. Ariretwa na rori ya pamba, rori inatoka Mbale. Anaomba maji. Mimi nafikiri iko na kiu, naretea yeye kopo. Hakunywa. Ananawa mikono, uso, miguu, porepore. Maji yenye iribaki anamwagia kamti kadogo ka mpera. Anarudisha kopo. Anasema asante, kijana."

Jina halijui. Afande hakutaja jina, na yeye hakuuliza. Baada ya hapo alisikia tu, hakuangalia.



Miezi saba. Kila Jumamosi na Jumapili nawaambia watu walale pale. Nimewalaza juu yake, na bunduki zikilia juu yake, na mimi na filimbi yangu nikijisifu kwa siri niliyoigundua. Najichukia.

Halafu najiambia: madereva walikuwa wengi. Malori ya pamba yalikuwa mengi. Labda si yeye. Naona aibu kwamba natamani awe yeye.

Jumanne, 16 Julai. Jinja

Nimemwambia Bosi. Nilitegemea ataniita mwendawazimu. Akatoa kamba mwenyewe akazungushia upande wote ule. Atakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kesho. Si mtu mbaya.

Mama siwezi kumwambia kwa simu. Atataka aliyeona, na aliyeona hana jina la kumpa.

Alhamisi, 18 Julai. Mbale

Nimemwambia. Nilianza na Waiswa. Wageni sikuwataja, angesema nina homa.

Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua. Sikufika kwenye mpera. Nilipofika kwenye kunawa alinikatiza.

Hakuuliza jina. Hakuuliza sura, wala nguo. Aliuliza jambo moja tu.

"Maji yaliyobaki aliyafanya nini?"

Nikamwambia. Kwenye shina la mpera.

Mkono ukasimama juu ya ungo. Nje mlimau, na kila asubuhi ya maisha yangu maji yakimwagwa pale, na mimi sikuwahi kuuliza ni desturi ya nani.

"Basi," akasema. Akamaliza mchele wake, akaupika, tukala. Hakulia mbele yangu. Mimi nililia kwa wote wawili.

Jumapili, 21 Julai. Jinja

Mama amekuja. Hakutaka kushikwa mkono. Waiswa alisimama mbali, kofia mkononi. Mama alimwita.

"Wewe ndiye uliyempa maji?"

"Ndiyo, mama. Na mimi ndiyo nirichimba."

"Umri gani ulikuwa?"

Akamwambia. Mama akamtazama. "Mtoto," akasema. Akamwambia Ijumaa aje Malukhu.

Kisha akasimama kwenye kamba akaomba dua. Upande wa pili wageni walikuwa wanavaa maski. Wakati wa kuondoka Mama aliokota pera moja chini, akalifuta kwa khanga, akalitia mfukoni.

Leo sikuwapa wageni siri yoyote. Niliwaambia tu wasivuke kamba.

Jumatano, 24 Julai. Mbale

Nimeomba ruhusa ya wiki. Sheikh alikuja nyumbani. Mama alitaka kukaa eda, miezi minne na siku kumi, kama inavyotakiwa. Alishanunua nguo nyeupe. Sheikh akamwambia kwa upole kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kifo. Yake iliisha zamani, kabla sijajua kusoma.

Mama alicheka hadi akakohoa. "Kumbe nilishaikaa, na hamkuniambia."

Ijumaa, 26 Julai. Mbale

Khitma. Nyumba imejaa, mkeka hadi barabarani. Jina la Baba lilisomwa kwa sauti pamoja na marehemu wengine wa ukoo. Sijawahi kulisikia likitajwa mahali pale. Waiswa alikaa karibu na viatu, hajui aweke wapi mikono. Mama alimpakulia pilau mwenyewe, sahani ya kwanza.

Jumamosi, 27 Julai. Mbale

Niliamka nimechelewa. Mama alikuwa bado amelala, na yeye halali baada ya alfajiri. Nilikwenda kumsikiliza. Anapumua vizuri, taratibu.

Mlangoni birika lilikuwa tupu. Limeoshwa, limegeuzwa juu chini, linakauka juani.

Nyuma yangu Mama akaniita kutoka kitandani, sauti ya usingizi.

"Jaza, utawadhe. Limekaa bure."

Nikalijaza. Nikanawa. Yaliyobaki nikayamwaga kwenye mlimau.