Ndoano ya Basi la Faustin

Jumatatu, 9 Juni
Nimechomelea geti tangu asubuhi. Faustin kaja tena gereji. Kaka wa mke wangu Immaculée, mjuaji kuliko waliosomea. Basi kuukuu kalitia vitanda na jiko, analiita hoteli. Sasa anataka livute pikapu, magurudumu yote manne chini, wageni wapate gari la kuzungukia. Ndoano ya basi iko juu, pua ya pikapu iko chini. Chuma cha kuvutia kimeinama kama ngazi. Eti itakwenda tu! Akifunga breki, pikapu inaingia chini ya basi. Mjinga kabisa.

Jumatano, 11 Juni
Nimeishusha ndoano. Nimepima kwa tepu mara tatu. Kwenye basi na kwenye pikapu, sentimita hamsini na tano kutoka chini. Faustin kapiga picha, anajisifu kwenye simu utadhani kachomelea yeye. Immaculée kauliza kwa nini tusipakie mizigo kwanza ndipo tupime. Nikamwambia arudi kwenye sufuria zake. Ukoo mzima wajuaji.

Ijumaa, 13 Juni
Kesho wanakwenda Nyamyumba, kwenye maji moto kando ya ziwa. Immaculée atawapikia wageni. Jioni wamepakia viazi, mkaa, madumu ya maji. Vyote nyuma kabisa, kwa sababu mbele kuna vitanda vya bwana mkubwa. Basi likakaa kitako. Nikapima kimyakimya. Ndoano imeshuka sentimita kumi na mbili. Sasa pikapu ndiyo iko juu. Breki moja mteremkoni, inalipanda basi. Na jiko liko nyuma, ndipo atakapokaa Immaculée.
Nilipima basi tupu. Mimi. Fundi wa miaka ishirini.
Sikusema. Faustin alikuwa na rafiki zake. Nikakunja tepu, nikaja nyumbani. Najidharau.

Jumamosi, 14 Juni
Wameondoka nikijifanya nimelala. Nikavumilia dakika kumi. Nikachukua pikipiki, nikawapata kabla ya mteremko wa ziwani, nikasimama katikati ya barabara kama kichaa. Nikasema mbele ya wageni wote: nimekosea, nilipima basi tupu. Nikangoja Faustin anicheke.
"Bon, shemeji, tuifungue," akasema. "We utaendesha pikapu."
Hayo tu. Akainama kufungua ndoano. Heri angenitukana.

Jumapili, 15 Juni
Mvua. Sijatoka.
Immaculée ameuliza nilijua lini. Nimesema Ijumaa. Hakugomba. Akanipakulia chakula, akachukua mwavuli, akaenda kula kwa kaka yake.