Mimi na mukeba wangu tunakwenda Rusumo

Bwiza, Bujumbura. Jumatano, mwezi wa nne. Mvua tangu alfajiri, mfereji wa mbele ya nyumba umefurika.

We! Ulipotelea wapi? Nilipokuwa kwenye eda mlipita hapa kwenye ukurasa wangu kuniandikia pole mstari mmoja mmoja, kisha kila mtu akashika njia yake. Hata kuchungulia umeshindwa? Haya, kaa. Nimeshakasirika, yamekwisha. Mimi sikusoma, unajua. Nasema, mjukuu wangu Nasra anaandika, na leo nina mengi.

Jumamosi, Mungu akipenda, naenda kuona maporomoko ya Rusumo.

Ni mto Akagera, unaanguka kati ya Rwanda na Tanzania. Ukingo mmoja wa hawa, ukingo mwingine wa wale, na mpaka unapita katikati ya maji. Tangu nisikie habari hiyo najiuliza: tone likirushwa na upepo likaanguka upande wa pili, limehamia? Na samaki je, wanajua wao ni wa wapi? Nasra anacheka. Acheke. Ruvubu yetu, niliyofulia nguo nikiwa msichana, inaingia humo humo, kabla kidogo ya maporomoko. Kwa hiyo maji yetu nayo yanaanguka pale, na sisi hatuna hata ukingo wa kusimama. Nataka nikaone kwa macho yangu.

Aliyenitia hamu hiyo ni marehemu mume wangu, Rajabu. Alikuwa dereva wa lori, Dar hadi huku, mara nyingine Dar hadi Kigali. Njiani, pale Benaco upande wa Tanzania ambapo malori hulala, akaoa mke wa pili, Mwajuma, anayewapikia madereva. Hakunificha. Alikuja akaniambia mwenyewe, kofia mkononi. Nikanuna, nikamzidishia chumvi kwenye mchuzi, maisha yakaendelea. Lakini mimi na mukeba wangu, ndivyo tunavyomwita mke mwenza huku, hatujaonana uso kwa uso hadi leo.

Rajabu alikuwa mtu wa haki mpaka anakera. Kitenge changu na cha Mwajuma, rangi moja, urefu mmoja. Ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, alizigawa kwa kikombe, changu, chake, changu, chake, nami nimesimama natazama. Sasa nikamwambia, nipeleke Rusumo nione maji hayo. Akakataa.

"Nikikupeleka wewe, lazima na yeye nimpeleke. Na maji hayafanani siku mbili. Mmoja ataona mengi, mwingine machache, nami nitaulizwa siku ya kiama."

"Basi tupeleke pamoja!"

Akanywa chai.

Pamoja alituogopa.

Akafa hivyo hivyo, ghafla, hapa Bujumbura. Kwetu maiti hailazwi. Alizikwa siku ileile. Mimi ndiye niliyempigia Mwajuma simu. Alilia, nikalia, lakini Benaco si Nyakabiga, mtaa wa jirani hapa, asingewahi. Akakaa eda yake peke yake huko, mimi yangu hapa na watu wamejaa mlangoni. Hilo linaniuma hadi leo.

Mwezi huu tumetoka eda. Juzi nikamtumia sauti kwenye simu: "Mwajuma, wewe uko karibu. Niambie, maji yale yanalia vipi?" Nilitaka kujua kama nitayasikia, maana sikio langu la kushoto limechoka.

Akajibu: "Dada mkubwa, mimi sijayaona. Kila nikimwomba alisema mpaka siku utakayokuja na wewe."

Yoo! Malori yote ya kwenda Rusumo yanapita mlangoni kwake, na hajayaona! Nilicheka mpaka khanga ikanivuka. Kisha kicheko kikakatika.

Miaka yote hiyo, mwanamke huyu alikuwa akinisubiri.

Binti yangu Shamim, mama yake Nasra, aliposikia alikuja mbio kutoka Kinindo anakofanya kazi. "Mama, apana. Unaenda kupigana na mwanamke wa watu mpakani."

"Kwa meno gani?"

"Sasa anataka nini kwako?"

"Mi ndiye ninayetaka."

Anaogopa nitapokelewa kwa maneno, nirudi nimevunjika. Nisiseme uongo, hata mimi naogopa. Sauti ya simu ni sauti tu. Mtu akisimama mbele yako amevaa kitenge kama chako, hiyo ni habari nyingine.

Lakini nimepanga. Basi hadi Muyinga, mpaka wa Kobero, Ngara, kisha Benaco nimchukue Mwajuma, twende. Daraja la Rwanda sitalivuka. Nitasimama ukingo wa Tanzania nitazame ng'ambo. Macho hayaombwi karatasi. Ndagala nimejaza mfuko mzima, sikupima.

Jana usiku nikamtumia sauti nyingine. Nikamwambia: "Tukitoka kwenye maji, usirudi kwako. Funga nguo zako, tuje wote Bujumbura. Kaburi la mumeo hujaliona."

Hajajibu. Nasra anasema alama zinaonyesha amesikiliza. Labda amekasirika. Labda anatafuta begi. Ningekuwa mimi, ningejibu nini? Sijui, na nimeshaulizwa na Shamim, acha kuniuliza na wewe.

Kitanda cha chumba cha nyuma nimekitandika. Shuka mpya.

Sasa nenda, nina wali jikoni. Lakini usipotee tena. Ukirudi hapa utatukuta wawili. Mwamkie yeye kwanza, mimi umeshanizoea.