Jina la Elisanda

Seif, nimeumbuka! Niko Butimba, kwa binti wa marehemu Pius.

Unakumbuka mwaka tisini na nne, kwenye banda lako la video pale Pasiansi, nilivyotafsiri ule mkanda wa hadithi ya kale, wa mfalme na joka? Kiingereza chenyewe sikijui! Nikasema Elisanda aliliburuta joka kwa mkia mpaka ziwani, akamwokoa mfalme. Pius, aliyekuwa akitazama, akampa bintiye jina hilo.

Leo binti kaupata mkanda huo wenye maandishi ya Kiswahili. Elisanda ndiye anayemtilia mfalme sumu. Sumu, Seif!

Kanigeukia: "Ba'mkubwa, ina maana baba alinipa jina la muuaji?"

Nimemwambia huu wameuigiza upya, wakabadilisha. Analia. Anatafuta namba yako akuulize. Tafadhali, sema ni kweli wameubadilisha.