Kilo Zangu Kwenye Karatasi

Jumatatu, 3 Novemba

Ndege imerudi kutoka matengenezoni. Rangi mpya, redio mpya, viti vipya — bibi harusi! Lakini karatasi ya uzito iliyomo ndani ni ileile ya zamani. Nimemwambia Kapteni hatupakii hata bahasha mpaka ndege ipimwe upya. Kasema mimi king'ang'anizi. Sawa. Ndege ya abiria watano haina mchezo, na anayeweka sahihi ni mimi.

Nyumbani kimya. Chai na mkate, basi. Kumpikia mtu mmoja ni kujisumbua bure.

Jumanne, 4 Novemba

Binti yangu kapiga simu. Daktari kasema ni wiki hii au mwanzoni mwa ijayo. Mjukuu wa kwanza! Kasema, Baba usipokuja nitajifungua kama yatima. Mama yake angekuwepo, angekuwa ameshafika tangu mwezi jana. Nimemwahidi Jumamosi, kiti kimoja kipo. Barabara yenyewe imekatwa na mvua. Kisha swali lake la siku zote — unakula? Nakula vizuri, mama.

Mkanda umelegea tena. Nimetoboa tundu jingine kwa msumari. Ngozi za siku hizi hovyo kabisa.

Jumatano, 5 Novemba

Leo hakuna ndege, hakuna mtu. Nimebishana na redio ya jikoni. Nimekuta kikombe cha marehemu mke wangu nyuma ya sufuria, nikakirudisha palepale.

Alhamisi, 6 Novemba

Fundi wetu, yule binti mwenye mdomo mkali, amemaliza kupima ndege. Imeongezeka kilo kumi na tisa! Nimebadilisha karatasi, nikapiga hesabu ya Jumamosi. Abiria wanne, kwa kilo walizonitajia kwenye simu, pamoja na uongo wao wa kawaida. Mizigo. Mafuta, ambayo hayapunguziki maana njiani hakuna pa kujaza. Zinabaki kilo kama sitini. Na mimi kwenye jalada la wafanyakazi nina sabini na nne.

Nimerudia mpaka macho yakauma. Kapteni kacheka, umejipalia makaa mwenyewe! Halafu, kwa sauti ya chini — tutumie karatasi ya zamani safari hii moja, nani atajua? Nimekataa. Nikaenda chooni nikalia. Mzee mzima!

Binti yangu sijamwambia.

Jumamosi, 8 Novemba

Asubuhi nimejaribu mizani kwa mawe yake. Iko sawasawa. Abiria wakapima. Bwana mmoja kajitangaza kilo sabini, mizani ikasema themanini na tatu. Akalaumu viatu! Mwisho zimebaki sitini na moja. Nikakata jina langu.

Fundi kaniuliza, mzee, na wewe umepima? Nikasema nina sabini na nne. Kasema kila mtu ana kilo zake za mdomoni, hebu panda. Nikapanda ili anyamaze.

Hamsini na nane.

Nikashuka. Nikapanda tena. Hamsini na nane. Mizani nimeijaribu mwenyewe, siwezi kuisingizia. Kapteni kapiga makofi — mzee, umepona, kamata kiti! Fundi hakucheka. Kaniangalia shingo, kola, mkanda na yale matundu yake. Kauliza polepole, baba, unaumwa? Tangu mazishi hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikasema hapana. Kisha nikasema, sijui.

Nimeandika 58, nimeweka sahihi. Begi nimeliacha. Nimebeba shali ya marehemu tu, ya kumfunikia mtoto.

Naandika nikiwa kiti cha nyuma, injini inanguruma. Ujumbe wa binti yangu umeingia. Bado hajajifungua, anakuja mwenyewe uwanjani kunipokea, tumbo hilohilo! Kasema nisile njiani, kanipikia. Nitamwambia nini? Ataniona kabla sijafungua mdomo. Naogopa, na nataka anione.

Kapteni anasema tufunge mikanda. Wangu nimeuvuta mpaka mwisho. Bado umelegea.