Yule Asiyesali Nasi

Jumatatu, 5 Mei

Kwa jina la Mungu aliyetufungulia mlango wa asubuhi hii. Amani kwa wote wa nyumba hii, walio hai na waliotangulia.

Sala ya asubuhi. Uji. Kisha parokiani, kama wiki iliyopita, kumsikiliza Padre Kaspari. Amesoma Yerusalemu, yuko nyumbani likizo, anatufundisha sisi makatekista imani ya Wayahudi. Mimi ni mstaafu. Kujifunza sijastaafu.

Somo la leo: Agano. Watu wote walisimama chini ya mlima kama mtu mmoja. Walimu wa Kiyahudi wanaongeza kuwa hata wasiozaliwa walikuwapo. Nikauliza: asiyezaliwa alikubalije? Padre akacheka, akasema wao wenyewe wamelibishania swali hilo tangu kale. Nimefurahi kupita kiasi kwa mtu wa umri wangu.

Jumanne, 6 Mei

Somo limegeuka. Walimu hao hao wanafundisha kwamba Mungu alimwumba mtu wa kwanza akiwa mmoja, ili ijulikane kuwa uhai wa mtu mmoja una uzito wa dunia nzima. Jana taifa, leo mtu mmoja. Ni kipi kinachotangulia?  Padre alisema wao hushika vyote viwili na kuvivutanisha.

Chakula cha mchana, wali na kambale. Nilikula nikiwaza. Mke wangu akaniuliza kama chumvi imezidi. Sikujua.

Alhamisi, 8 Mei

Nimetoka kwa jirani yetu Bibi Koleta. Hali mbaya. Padre amempaka mafuta ya wagonjwa.

Bibi anaishi na mwanawe Damasi, mgane asiye na mtoto. Tangu mkewe afariki Damasi haji kusali kwenye jumuiya yetu ndogo ya majirani. Si mlevi, si mwizi. Anasema Mungu anamjua yeye kwa jina lake na hahitaji kuthibitishiwa na majirani. Anasali peke yake shambani. Nami ndiye mwenyekiti wa jumuiya hiyo, na kanuni yetu inajulikana na wote: nyumba isiyosali nasi, jumuiya haiizikii. Hatuchimbi kaburi, hatupiki, hatuimbi. Kanuni inahesabu nyumba. Haimhesabu mtu. Bibi miguu ilikwisha nguvu zamani; aliyeacha kuja ni mwanawe.

Alinishika mkono. "Katekista, watakuja kunizika?"

Nikamwambia apumzike. Nimekasirika na jibu langu.

Jumamosi, 10 Mei

Jumuiya, nyumbani kwa Mama Gaudensia. Baada ya Injili nikaomba kanuni ilegezwe kwa ajili ya Bibi Koleta. Nikawaeleza jambo nililolisikia jana kwa Padre, ambalo limeniondolea usingizi. Ubani wa hekalu la Wayahudi ulichanganywa viungo vizuri, na pamoja navyo utomvu mmoja wenye harufu mbaya. Ukiuacha huo, ubani wote haufai. Walimu wao wakajifunza hapo kwamba sala ya watu inayowatenga wakosaji si sala kamili.

Mama Gaudensia akadakia: "Kwa hiyo Damasi ndiye uvundo wetu?"

Walicheka mpaka watoto wakachungulia dirishani. Mimi pia nilicheka. Kisha katibu wetu, Mzee Otmari, akasimama, na kicheko kikakoma.

"Mwenyekiti, mimi shamba langu liko Chita. Napanda treni ili nisikose Jumamosi. Damasi akitoka mlangoni kwake anatusikia tukiimba. Tukimzikia asiyesali, kesho nani atasali? Utabaki wewe na huo ubani wako."

Hoja yake ni nzito. Jumuiya isiyodai chochote kwa mtu si jumuiya, ni umati. Mikono ikanyoshwa. Kanuni ikabaki. Nimeshindwa, na sioni kwamba walionishinda ni watu wabaya. Hilo ndilo linalonisumbua.

Jumatatu, 12 Mei

Bibi Koleta amefariki alfajiri. Raha ya milele umpe, ee Bwana.

Damasi alikaa kizingitini. Nikamwambia ukweli: jumuiya haitakuja. Akajibu, "Najua, Mzee. Nitachimba mwenyewe." Alisema bila uchungu. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Nimeamua. Kesho nitakwenda na jembe langu. Si mwenyekiti. Mimi tu, niliyebatizwa jina langu peke yangu.

Jumanne, 13 Mei

Naandika mikono inauma.

Nilifika jua likichomoza. Damasi alikuwa amekwisha anza kuchimba. Udongo mzito, maji ya mvua bado yamo. Nikaanza upande wa pili. Kisha nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Otmari, na sepetu.

"Nimekuja peke yangu," akasema. "Usije ukasema ni jumuiya."

"Sikusema kitu, Katibu."

"Na usiniite Katibu hapa."

Baadaye Mama Gaudensia na sufuria kubwa kichwani. Amekuja kwa ajili ya Bibi aliyemfundisha kusuka mikeka, si kwa jumuiya. Wifi yake kaja kwa sababu amemsindikiza Mama Gaudensia. Fundi baiskeli kaja kwa sababu alikuwa anapita tu, na mchele mkononi. Kila mmoja alinipa sababu yake bila kuulizwa. Kufika saa ya maziko, hakuna aliyebaki nyumbani. Wote walikuwapo, na hakuna aliyekubali kwamba tupo.

Hapo ndipo tulipokwama. Padre alimaliza sala, jeneza likashushwa, ukafika wakati wa wimbo. Wimbo wa maziko hapa kwetu huanzishwa na jumuiya ya marehemu. Nikamtazama Otmari. Otmari akatazama viatu vyake. Mama Gaudensia, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto Lumemo, kafumba mdomo. Kuanzisha ni kukiri.  Niliogopa. Nilidhani Bibi atafukiwa kama mtu asiye na kwao.

Ndipo Damasi akaanza. Peke yake, sauti kavu, chini mno. Akamaliza mstari wake akanyamaza, kwa maana mstari wa pili si wa mwanzishaji. Ni wa waitikiaji. Akangoja.

Otmari ndiye aliyeitikia kwanza. Kisha sote.

Nililia. Naandika hivyo bila haya.

Jumapili, 18 Mei

Misa ya kwanza. Jana jumuiyani Damasi hakuonekana. Otmari hakusema lolote kuhusu kanuni, nami sikumwuliza.

Baada ya misa nilimwuliza Padre Wayahudi wanaomboleza vipi. Ipo sala ambayo mfiwa humsifu Mungu ndani yake, wala kifo hakitajwi. Lakini haisaliwi na mtu peke yake. Sharti wawepo watu wazima kumi, naye mfiwa akiwa miongoni mwao.

Jioni nikaenda shambani kwa Damasi. Mpunga umeiva na kwelea kwelea ni wengi. Alikuwa juu ya dungu, kibanda chake cha kuamia ndege, anavuta kamba yenye makopo. Akanipa shikamoo, akanisogezea gogo nikakaa. Nikamsimulia habari ya sala ile, kwa sababu sikuwa na mwingine niliyetaka kumsimulia.

Alivuta kamba. Ndege wakaruka, wakatua mbele kidogo.

"Wakiwa tisa?" akauliza.

"Sikuuliza hilo."

"Kaulize, Mzee."

Tukakaa mpaka jua lilipoifikia milima. Yeye na kamba yake, mimi na rozari yangu. Hakuna aliyemharakisha mwenzake.

Mungu aibariki nyumba ya Damasi iliyobaki na sahani moja. Aibariki hii yangu. Na kama macho mengine yatafika kwenye ukurasa huu nikiwa sipo, ayape heri macho hayo, pamoja na wote wanaokula nao chungu kimoja. Amina.