Kibao Chako, Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na macho yasiwe yanakusumbua sana. Najua dada ndiye anayekusomea. Mwambie asiruke hata mstari mmoja, namjua huyo!

Sisi huku kwenye kiwanda cha nguo tu wazima, ila tumeletewa mhandisi wa usalama, mwanamke mfupi asiyeachana na rula yake. Tukambandika jina, Bi Rula. Aliponiamuru nifute vibao vyote vya milango ya kutokea nichore upya, kijani kile kile, mtu yule yule anayekimbia, kimo kile kile kutoka sakafuni, nilichukia. Nikamwambia mimi ni mtoto wa fundi wa maandishi, si muhuri. Hakukasirika. Alinivisha miwani iliyopakwa mafuta, akaniambia nitafute njia ya kutokea. Baba, herufi zangu za madoido sikuziona hata moja! Nilichokiona ni kile cha kijani nilichokichora shingo upande. Akasema mtu aliye ndani ya moshi hana nafasi ya kusoma. Nikanywea.

Jumanne iliyopita chumba cha rangi kilishika moto. Watu themanini tulitoka bila kukanyagana. Mshonaji mmoja alikuwa na siku mbili tu kazini. Alieleza kwamba alikotoka vibao ni hivi hivi, miguu ikamtoa yenyewe. Yule mama ana akili, jamani!

Sasa nikuungamie. Kibao kimoja sikukifuta: chako, ulichokichora enzi zako hapa kiwandani, chenye herufi za dhahabu. Mlango ulio chini yake siku hizi unaingia stoo ya vitambaa tu, hauna pa kutokea, nami nilijua. Nilimdanganya Bi Rula kwamba nimemaliza. Rafiki yako, mzee wa kupiga pasi, amekiamini kibao chako miaka ishirini, akakimbilia huko. Nilimkuta anapapasa ukuta, nikamburuta hadi nje. Bado anakohoa, lakini ni mzima, na anakusalimu.

Nilikibandua kwa mikono yangu, nikalia. Nikamweleza Bi Rula yote. Alinigombeza, nilistahili. Kisha akakitazama, akauliza mwenye mkono ule yuko wapi. Nikamwambia macho yamemfifia. Kesho yake akanipa kopo hili la rangi ya njano ninalokutumia pamoja na barua. Dada apake ukingo wa kila ngazi hapo nyumbani, upana wa vidole viwili, asibadilishe hata moja.

Nisamehe, Baba. Kibao chako nimekitundika chumbani kwangu, ukutani, pasipo na mlango. Nawe ukishuka ngazi, fuata njano.

Msalimie mama na wote hapo.

Ni mimi mwanao,
mchora vibao