Siku Baba Alipobanika Nyama Woolwich

Woolwich, London
Jumapili, mwezi wa tatu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mguu umepungua kuvimba na unafika kanisani bila kushikwa mkono. Shangazi Debora kikohozi kimemwachia? Na mvua imeshanyesha huko Tabora, au bado mnaangalia mawingu? Mimi mwili wangu ni mzima, nakula na naenda kazini. Mengine ndiyo yaliyonifanya ninunue karatasi.

Jumatano nilipopiga simu kwa jirani yako, ukaitwa, uliniuliza swali kadi ikaisha kabla sijajibu. Uliuliza kwa nini baba, tangu ashuke kwenye treni, kila akiulizwa habari za Gideon anasema London alifikia kwa bwana mmoja mwenye nyumba, mtu mzuri tu, ila jina lake limemtoka. Ukasema labda ni uzee. Mama, si uzee. Akili za baba ni timamu kuliko zangu. Nami kadi ilipoisha nilishukuru, kwa sababu jibu lenyewe si la kusema ukiwa umesimama kwenye kibanda cha simu, watu wanasubiri nyuma yako.

Ile nyama kavu uliyomfungia kaka Gideon kwenye kitambaa cheupe haikufika. Uwanja wa ndege maofisa waliifungua, mmoja akainusa akageuza uso, wakaitupa kwenye pipa baba akiwa anaangalia. Tulipokaribia nyumbani ndipo aliposema, "Nimekuja kwa mwanangu mikono mitupu." Gideon akacheka. "Baba, huku nyama iko kila duka." Hakusema kwa ubaya. Lakini unamjua baba. Mtu aliyekata nyama buchani miaka thelathini na mbili, ukimwambia nyama ni nyama tu, umemwambia kwamba maisha yake yote hakuna alichofanya.

Basi akakaa wiki mbili akiangalia bustani ya nyuma kupitia dirisha la jikoni. Kule nje kuna pipa la bati lenye matundu chini, waliokaa nyumba hii kabla yetu walikuwa wanachomea majani humo. Mzee wa Kizungu wa nyumba ya pili alikuwa amekata matawi ya mtufaa wake, baba akamwomba kwa ishara, akapewa toroli zima la matawi. Alhamisi nilikwenda naye sokoni. Alimwonyesha mwenye bucha kwa kidole paja analotaka na mahali pa kupitisha kisu, mpaka yule bwana akampa kisu akate mwenyewe. Mama, sijamwona baba akifurahi vile tangu aje. Usiku huo alichana vipande virefu, akavitia chumvi, akavifunika.

Jumamosi ilikuwa siku ya wageni wa Gideon. Hapa nieleze. Gideon ni msaidizi wa meneja kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na meneja wake alikuwa anaondoka kwenda tawi jingine. Nafasi ilikuwa wazi. Mimi nami nilikuwa nimeomba kazi ya kutunza wazee palepale, na bila barua ya mwajiri viza yangu ilikuwa inaisha mwezi wa nne. Huyo meneja na mkewe ndio waliokuwa wanakuja kula chakula cha mchana. Stella, mke wa Gideon, alianza kupika tangu Ijumaa. Brenda, mtoto wao, alipelekwa kwenye sherehe ya mwenzake ili asisumbue.

Baba hakuna aliyemwambia. Alfajiri, theluji nyembamba imelala juu ya majani, akatoka na wavu wa oveni, kisu na sinia, akawasha moto wake. Baridi ile, mama, ukivuta pumzi puani panauma. Moto ulikuwa unakataa. Nilimwona akiupigia magoti, akiupuliza, akikinga upepo kwa mgongo wake. Nilipompelekea chai aliniambia, "Baridi ya huku inakula moto. Ukigeuka kidogo tu, umekufa." Alikuwa amevaa koti kubwa la mtumba, na kichwani kofia ya sufu ya Stella. Lakini ilipofika saa nne moshi ulikuwa umekaa sawa, mweupe, wa taratibu, na ile harufu ikanirudisha nyumbani kabisa.

Gideon aliposhuka ngazi akasimama mlangoni. "Baba, zima hicho kitu. Nina wageni saa saba."

"Nyama imeanza kushika moshi," baba akasema. "Nikizima sasa imeharibika yote."

"Nitakununulia nyingine."

"Hii ni yako, mwanangu. Mama yako ataniuliza kama ulikula."

Stella akaita kutoka ndani kwamba mapazia yananuka. Gideon akatazama saa. "Sawa," akasema, "basi kaa hukohuko mpaka waondoke. Usiingie na nguo hizo." Akafunga mlango, akageuza ufunguo, akautia mfukoni. Nilikuwa nimesimama pale na kikombe alichonywea baba. Nikaenda kukiosha.

Wageni wakaja. Watu wema, mama, hilo ndilo linaloniuma. Yule meneja hakukaa hata dakika kumi, akanyanyua pua. "Harufu nzuri hiyo inatoka wapi?" Akaenda jikoni, Gideon nyuma yake, mimi nyuma ya Gideon, na ikabidi mlango ufunguliwe. Baba alikuwa hatua tatu kutoka pale, anageuza nyama. Akainua uso, akatabasamu, akaanza kujifuta mkono kwenye koti ili amsalimie mgeni wa mwanawe.

"Nani huyu?" meneja akauliza.

Gideon akasema, "Ni mtunza bustani tu."

Kwa Kiingereza, mama, lakini baba alikaa na mapadri wa misheni miaka mingapi? Anakisikia kuliko anavyokisema. Mkono ulibaki palepale kwenye koti. Gideon akafunga mlango.

Tukaketi mezani. Mke wa meneja akanigeukia, akaniuliza kwa huruma kama yule mzee huwa anakuja hata siku za baridi kali namna hii. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kujifanya sikusikia, kwenda kuleta maji. Nikasema, "Ndiyo, kila Jumamosi. Ameshazoea." Neno la Gideon lilikuwa moja. Mimi ndiye niliyeongeza mengine, na kuyanyoosha, mpaka yakakaa vizuri.

Tulipokuwa tunamaliza kula, kioo cha mlango wa jikoni kikagongwa taratibu. Gideon akaenda kufungua. Baba akaingia mpaka mezani na sinia, nyama imekatwa vipande vidogo, imepangwa kama ya harusi. Akamwinamia Gideon. Baba yetu, mama, akamwinamia mwanawe, akasema kwa Kiingereza cha polepole, "Kwa ajili ya wageni wako, bwana."

Wakala. Meneja akasema hajapata kula nyama kama ile. Akamuuliza alijifunza wapi.

"Kwetu," baba akasema. "Nilikuwa nampikia mwanangu. Aliipenda sana akiwa mdogo."

"Sasa yuko wapi?"

Baba akamtazama yule Mzungu tu, hakumtazama mwingine. "Alikwenda mbali," akasema, "sijamwona tena."

Na hapo, mama, Gideon bado alikuwa na nafasi. Stella alikuwa ameshusha macho kwenye sahani. Gideon akasema, "Asante. Unaweza kwenda sasa." Nyama yenyewe hakuigusa.

Baba akajibu, "Asante, bwana," akapita mlango wa mbele, akatoka barabarani.

Hatukumfuata. Tulileta keki. Tulicheka pale palipotakiwa kicheko. Wageni waliondoka karibu saa kumi na nusu, giza la huku likiwa limeshaanza, ndipo Gideon alipokimbia nje bila koti. Tulimpata baba kituo cha basi karibu na soko, ameketi, mabasi yanapita, midomo imebadilika rangi, mikono haikunjiki. Mwanamke mmoja wa Kikongo alikuwa amemfunika kwa kitenge chake na anamsugua vidole. Alituuliza, "Mnamjua?" Gideon akasema, "Ni baba yangu." Baba akatikisa kichwa. "Huyu bwana mimi namfanyia kazi tu," akamwambia yule mama kwa Kiswahili. Yule mama akamtazama Gideon, akaniangalia na mimi, akachukua kitenge chake akaenda zake.

Alilazwa siku mbili, kifua. Alipotoka, zilibaki siku tisa za safari yake, na siku zote tisa aliishi kwetu kama mtunza bustani. Alikula jikoni amesimama. Alifagia theluji. Gideon akiingia, baba anavua kofia. "Umeamkaje, bwana." Brenda akawa anauliza kwa Kiingereza chake kwa nini babu anamwita baba hivyo. Usiku wa nne Gideon alipiga magoti kwenye zulia, analia kama mtoto, anasema baba nisamehe, nilipatwa na shetani. Baba alingoja amalize. Akasema, "Bwana, kuna tawi la mti limeangukia uzio. Kesho nitaliondoa." Kaka alilia mpaka akatapika. Baba akaenda kulala. Nilikuwa sijui kwamba baba anaweza kuwa mkatili, mama. Sijui kama wewe ulijua.

Uwanja wa ndege alimpa Gideon mkono, akamshukuru kwa kumhifadhi. Kisha akaniita mimi. Akaweka mkono kichwani kwangu, mbele ya Gideon, akaniombea kwa sauti, kwamba Mungu anilinde kwa kuwa sikumkana. Maana yale ya mezani hakuyasikia, mlango ulikuwa umefungwa. Nilisimama pale na kuipokea ile baraka mpaka ikaisha. Gideon alinitazama. Alijua. Mpaka leo hajaniambia neno.

Umeneja alipata mtu mwingine. Mimi nilipata kazi, nimeanza wiki iliyopita. Nawaogesha wazee wa watu, nawalisha kwa kijiko, na wananiambia nina roho nzuri.

Gideon amekata tiketi ya Pasaka, atakuja peke yake. Sikuombi umlazimishe baba ampokee. Nakuomba kitu kimoja tu. Najua macho ya baba hayasomi mwandiko mdogo, na kwamba utamsomea. Usiruke mahali. Pale pa mezani pasome pote, kama nilivyopaandika.

Msalimie shangazi Debora, mwambie dawa ya kifua nitamtumia kwa mkono wa Gideon. Msalimie mjomba katekista na kwaya yake. Yule jirani mwenye simu mshukuru kwa kukuita kila mara bila kuchoka, na bibi mzaa baba mwambie nimeota nikimsuka nywele.

Baba msalimie mwisho, ukishamaliza kumsomea, kama bado atakubali salamu zangu.

Mwanao,
Leah